Mbumbuni na Milima ya Nyati

Msomaji kijana, neno historia likitajwa mbele yako, huenda fikira zako zikakimbilia mbali: kwenye piramidi za Misri, au Ngome ya Yesu ambayo Wareno walianza kuijenga Mombasa mwaka 1593, au magofu ya Gedi yaliyofunikwa na msitu wa pwani. Hayo ni mambo ya mawe, na mawe hayafichi umri wake. Lakini ukishuka garini katika soko la Mbumbuni, katika Kaunti ya Makueni nchini Kenya, hutaona ngome wala gofu. Utaona maduka yaliyopangana kando ya barabara, wanawake walioketi nyuma ya mafungu ya mbaazi na maembe, punda waliobebeshwa madumu ya maji, na vumbi jekundu lililotulia juu ya kila kitu. Hapo utajiuliza: je, mahali kama hapa pana historia gani? Nia ya insha hii ni kukuonyesha kwamba panayo, tena ndefu, na kwamba imeandikwa mahali ambapo watu wengi hupita bila ya kutazama. Yaani katika majina na katika udongo.

Kwanza na tuijue nchi yenyewe. Mbumbuni ni mji mdogo wa soko katika upande wa Mbooni. Zamani sehemu hiyo ilikuwa katika Wilaya ya Machakos, mpaka Makueni ilipotengwa kuwa wilaya mwaka 1992. Na tangu mwaka 2013 Makueni ni kaunti, na makao yake makuu yako Wote. Nchi hii ni ya vilima na mabonde. Juu ni Milima ya Mbooni, ambayo vilele vyake hupita mita 1,700 kutoka usawa wa bahari. Huko hewa ni baridi, mvua haiadimiki sana, na kahawa hustawi. Kadiri unavyoteremka, ndivyo jua linavyozidi ukali na mvua inavyozidi ubahili, hata ufike nyanda za chini zenye migunga na mibuyu. Mvua huja mara mbili kwa mwaka, vuli na masika, na mkulima wa Ukambani huitumaini vuli kuliko masika. Mwaka ambao vuli imekosekana ni mwaka wa mashaka.

Sasa sikiliza majina. Katika lugha ya Kikamba, nyati huitwa mbo, na wazee husimulia kwamba Mbooni maana yake ni mahali pa nyati. Wakamba wa kwanza walipofika hapo hawakukuta mashamba wala njia. Walikuta msitu mnene na makundi ya nyati, mnyama ambaye hata simba humwendea kwa hadhari. Basi jina hilo ni kama cheti cha kuzaliwa cha nchi. Hakuna aliyeliandika siku ile, lakini limesomwa na kila kizazi mpaka leo, ingawa nyati wenyewe wametoweka milimani siku nyingi.

Watu hao walitoka wapi? Masimulizi hayasemi neno moja. Baadhi husema kwamba Mulungu aliwashusha watu wa kwanza juu ya mwamba wa Nzaui, mlima ulioko Makueni, na kwamba nyayo zao zingali zinaonekana katika jiwe. Wengine husema mababu walitoka pande za Kilimanjaro, wakapita karibu na vilima vya Chyulu, wakakaa Nzaui kwa muda, kisha wakapanda Mbooni. Wanahistoria waliokusanya na kulinganisha masimulizi hayo wanakisia kwamba makazi ya Mbooni yalianza karne ya 17. Wewe msomaji usiyadharau masimulizi haya kwa sababu hayakuandikwa. Masimulizi ya wazee ni shahidi, na kama shahidi mwingine yeyote huulizwa, hulinganishwa na wenzake, na hupimwa.

Lakini kwa nini watu waache nyanda pana wakapande mlima wenye msitu na nyati? Sababu zilikuwa mbili, nazo ni sababu zilezile zilizowapandisha watu milimani katika nchi nyingi za dunia. Ya kwanza ni maji. Mlima hukamata mawingu, na chemchemi zake hazikauki upesi. Ya pili ni usalama. Katika nyanda za chini mfugaji alikuwa wazi mbele ya maadui waliokuja kunyang'anya ng'ombe, lakini anayepanda mteremko kwa vita huonekana kabla ya kufika, na Wakamba walikuwa wapiga mishale hodari, na mishale yao ilipakwa sumu. Hivyo mlima ukawa ghala na ngome kwa wakati mmoja, ingawa hakuna aliyejenga ukuta.

Kazi ya kwanza ilikuwa kufyeka. Aliyekata miti na kuvunja ardhi alipata haki juu ya shamba lake, nalo likaitwa ng'undu. Mahali pa malisho palipotengwa na mtu au jamaa paliitwa kisesi, na nyika isiyo na mwenyewe, iliyolishwa na watu wote, iliitwa weu. Tazama jinsi watu hao walivyokuwa na sheria ya ardhi iliyo wazi, kabla ya ofisi yoyote ya hati kufunguliwa. Nyumba kadha za jamaa zilikaa karibu karibu, na mtaa wao uliitwa utui. Mbele ya mji wa kila jamaa palikuwa na thome, yaani uwanja mdogo penye moto, ambapo wanaume waliketi jioni, wazee wakaamua mashauri na vijana wakasikiliza. Thome ndiyo iliyokuwa shule na mahakama yao, na ndiyo iliyokuwa maktaba yao pia.

Baada ya vizazi kadha mlima ulijaa, na wana wa Mbooni wakaanza kutoka. Wengine walikwenda Iveti, wengine Kilungu, na wengine wakavuka mto Athi wakaifanya Kitui kuwa kwao. Ndiyo maana Mkamba wa mbali aweza kuitaja Mbooni kwa heshima ile ambayo mtu huitaja nyumba ya bibi yake. Na kwa kuwa nchi mpya za chini zilikuwa kame, watu walijifunza kutotegemea jembe peke yake. Waliwinda ndovu, wakachukua pembe, wakafunga safari mpaka pwani. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 19 misafara ya Wakamba ilikuwa miongoni mwa misafara mikubwa iliyoingia nchi ya Mombasa, nayo ilirudi na nguo, shanga, chumvi na nyaya za shaba. Kwa njia hizo hizo mgeni aliingia bara: mmisionari Mjerumani Johann Ludwig Krapf alifuata misafara ya Wakamba hadi Kitui, kwa mfanya biashara mashuhuri Kivui wa Mwenda, na tarehe 3 Desemba 1849 akiwa huko aliuona Mlima Kenya. Habari za theluji karibu na mstari wa Ikweta zilipofika Ulaya, wataalamu kadha walizicheka. Wakamba walioishi na mlima ule mbele ya macho yao hawakuwa na haja ya kubishana.

Baada ya siku za neema zilikuja siku za msiba. Katika nchi hii njaa huitwa yua, na kila njaa kubwa imepewa jina lake, kama vile watu wengine wanavyowapa majina wafalme wao. Mwaka 1891 sotoka iliteketeza ng'ombe. Kisha ikaja njaa ya miaka ya 1897 hadi 1899, ambayo iliandamana na ndui, ikaenea nchi nzima. Watu wakaiita Ngomanisye, yaani ile iliyofika kila mahali. Iko njaa ya mwaka 1961, ambayo hukumbukwa kwa jina la ndege, kwa sababu baada ya ukame mafuriko yalikata njia, na chakula kikaletwa kwa ndege. Na iko ile ya mwanzo wa miaka ya 1980 iitwayo Nikw'a Ngwete, maana yake: nakufa nikiwa nimeshika. Kushika nini? Fedha. Watu walikuwa na fedha mkononi lakini dukani hapakuwa na chakula cha kununua. Ukiyapanga majina haya kwa utaratibu, unayo kalenda ya nchi. Mzee asiyejua mwaka wake wa kuzaliwa aweza kukuambia alizaliwa katika njaa gani, na hapo hesabu itapatikana.

Mnamo mwaka 1889 Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki ilijenga kituo chake Machakos, na mwaka 1895 nchi ikatangazwa kuwa chini ya himaya ya Uingereza. Serikali mpya ilichora mipaka. Vilima vya Mua vikatwaliwa na walowezi wa Kizungu, na malisho ya uwanda wa Yatta, ambayo wafugaji waliyategemea wakati wa kiangazi, yakafungwa. Ile desturi ya kale ya kutoka mlimani unapojaa ikazuiwa. Watu waliongezeka na ng'ombe waliongezeka, lakini nchi haikuongezeka. Miteremko ililimwa bila ya kupumzishwa, majani yakaliwa mpaka mizizi, na mvua kubwa ilipokuja ilichukua udongo mwekundu ikaupeleka mtoni, na mto ukaupeleka baharini. Mwaka 1937 ofisa wa serikali wa kuhifadhi udongo, Colin Maher, alitoa ripoti iliyosema kwamba nchi hii ilikuwa inageuka jangwa la mawe na mchanga, na watu wake wanaelekea katika ufukara usio na tumaini.

Serikali iliona kosa katika ng'ombe peke yao. Mwaka 1938 iliamuru mifugo ipunguzwe kwa nguvu, nao wakachukuliwa na kunadiwa kwa bei duni, wakati ambapo kiwanda cha nyama kilikuwa kimefunguliwa Athi River. Kwa Mkamba ng'ombe alikuwa mahari ya mwanawe, akiba ya siku ya njaa, na heshima ya nyumba. Basi mwezi wa Julai mwaka huo maelfu ya watu, wanaume, wanawake na watoto, waliondoka kwa miguu wakaenda Nairobi, wakiongozwa na Muindi Mbingu. Hawakwenda kupigana. Walipiga kambi mjini kwa majuma kadha, wakasema wanataka kuonana na Gavana na kumweleza shauri lao. Muindi Mbingu alikamatwa, akahamishiwa Lamu, mbali na kwao. Lakini kabla ya mwaka kwisha serikali iliacha kuwatwaa ng'ombe kwa nguvu. Hiyo ni moja ya kurasa tukufu katika historia ya Kenya, na iliandikwa na wakulima na wachungaji waliotembea kwa miguu.

Walakini, msomaji, ushindi ule haukuuponya udongo. Mvua haijui siasa; iliendelea kuuchukua kila mwaka. Swali lililobaki lilikuwa hili: je, watu wenyewe wangeweza kuiokoa nchi ambayo wataalamu walikuwa wamekwisha kuikatia tamaa? Baada ya Vita Kuu ya Pili serikali ililazimisha watu kuchimba matuta kwenye miteremko. Kazi ya kulazimishwa ilichukiwa, na matuta mengi ya siku zile yalikuwa membamba yasiyodumu. Mambo yalibadilika katika miaka ya 1950, kazi hiyo ilipoingizwa katika desturi yao wenyewe iitwayo mwethya. Mwethya ni ushirika wa kazi: jirani huita majirani wakamsaidie kulima au kujenga, naye kesho huwaendea wao. Hapo vikundi vilichagua viongozi wao, vikaamua vianze kwa nani na vimalize kwa nani. Wengi wa wanachama walikuwa wanawake, kwa sababu waume zao walikuwa mijini, katika jeshi na katika kazi za reli. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Mikono mingi ya wanawake, pamoja na majembe na masululu, iliushika mlima usiteremke.

Namna moja ya tuta iliyoenea huko ina jina la Kiswahili linalojulikana na wataalamu wa udongo hata katika nchi za mbali: fanya juu. Mtu huchimba mtaro kwa kufuata usawa wa mteremko, na badala ya kuutupa udongo upande wa chini, huutupa upande wa juu, ukawa ukingo. Juu ya ukingo hupandwa majani ili mizizi iushike. Mvua ikinyesha, maji hukutana na ukingo, hutulia, hunywewa na ardhi. Na udongo yaliokuja nao huachwa hapo hapo. Mwaka baada ya mwaka nafasi iliyo nyuma ya ukingo hujaa, na mteremko uliokuwa mkali hugeuka ngazi pana, kila kidato kikiwa shamba lililo karibu na usawa. Kuutupa udongo juu ni kazi nzito kuliko kuutupa chini, lakini malipo yake ni makubwa zaidi.

Baada ya uhuru wa mwaka 1963 kazi hiyo ililegea kwa muda, kisha ikaamka tena katika miaka ya 1970, safari hii kwa hiari. Mwaka 1994 watafiti watatu, Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki, walitoa kitabu juu ya Machakos ya zamani, ikiwemo Makueni. Waligundua kwamba katika miaka ya 1930 wilaya ile ilikuwa na watu kama 240,000, na kufikia mwaka 1989 walikuwa kiasi cha 1,400,000. Watu waliongezeka zaidi ya mara tano, na hata hivyo mmomonyoko wa udongo ulipungua, miti iliongezeka, na mavuno ya kila eka yalikuwa makubwa kuliko zamani. Utabiri wa mwaka 1937 haukutimia. Kilichoutangua ni matuta, mbolea ya zizi, soko la kahawa na matunda, na watu ambao hawakukubali kuhama.

Na maarifa hayo hayakuishia mlimani. Mito mingi ya Ukambani ni mito ya mchanga. Huwa na maji ya kupita siku chache za mvua, kisha hukauka. Watu walijua tangu zamani kwamba ukichimba mchangani utapata maji yaliyojificha. Siku hizi vikundi hujenga ukuta wa mawe na saruji kuvuka mto. Mafuriko hujaza mchanga nyuma ya ukuta, na mchanga huo huyashika maji, jua lisiweze kuyakausha. Mama aliyekuwa akitembea nusu siku kutafuta dumu moja la maji, leo huenda akalipata karibu na nyumba yake.

Ili uione thamani ya mambo haya, hebu tuvuke bahari kidogo. Kaskazini ya Italia, katika mwambao wa Liguria, kuna vijiji vidogo vitano vilivyojengwa kwenye miteremko mikali juu ya bahari, viitwavyo Cinque Terre. Wakulima wa huko, kwa karne nyingi, walipanga mawe bila ya chokaa wakafanya ngazi za mashamba, wakapanda mizabibu. Mwaka 1997 mahali hapo paliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia, na wasafiri hutoka kila pembe kuja kupatazama. Lakini vijana wengi walikwisha kuondoka kwenda mijini, na kuta nyingi zikaachwa bila ya mtu wa kuzitengeneza. Tarehe 25 Oktoba 2011 mvua kubwa ilinyesha, matope na mawe yakateremka mpaka ndani ya vijiji vya Vernazza na Monterosso, na watu wakafa. Ngazi zilizoachwa zilikuwa moja ya sababu zilizozidisha maafa. Tuta si kama piramidi, ambayo husimama hata mjenzi akifa. Tuta huishi maadamu yupo mtu wa kulitunza.

Sasa rudi Mbumbuni, ukaitazame nchi tena, ikiwezekana asubuhi baada ya mvua ya vuli. Vilima vimevaa kijani, na juu ya kila mteremko utaona mistari iliyolala sambamba, kama mistari ya daftari lako. Kati ya mstari na mstari kuna mahindi, mbaazi na kunde, na kando yake miembe na michungwa. Moshi wa asubuhi unapanda kutoka jikoni, ambako muthokoi, yaani mahindi yaliyokobolewa, unachemka pamoja na mbaazi. Kwa mpita njia huo ni uzuri tu, na uzuri si kitu kidogo. Lakini wewe sasa unajua kuisoma nchi. Kila mstari ule ni siku za kazi za mtu fulani, aghalabu mwanamke, ambaye jina lake halimo katika kitabu chochote.

Na hapa ndipo historia inapokugusa wewe. Mikono iliyochimba matuta ya kwanza imezeeka au imekwisha kuzikwa. Wanaoyajua majina ya njaa kwa mfululizo wake ni wachache. Vijana wa vilima hivi, kama wale wa Liguria, wanavutwa na Nairobi na Mombasa, wala si dhambi kwenda. Wakamba ni wasafiri tangu siku za misafara ya pembe. Lakini mababu waliokwenda pwani walirudi na nguo na chumvi, wakaikuta thome na kuketi. Basi nawe, popote kijiji chako kilipo, fanya mambo mawili kabla ya kumaliza shule. Mwendee mzee mmoja, umwulize mahali penu palipataje jina lake, na uyaandike majibu. Kisha, likizoni, ukiona ukingo wa tuta umebomoka, usiupite. Chukua jembe, na udongo uutupe upande wa juu.